Tukaguliwe uwanja wa ndege, sawa. Lakini kwa sababu inayoelezeka na kwa heshima

#1 Binti_Raskazone (mtoa mada)

Assalam aleykum na salamu kwa wote wa jukwaa letu la Tanga.

Julai 2025 Marekani iliacha kuwavua viatu abiria wote kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege. Kanuni hiyo ilianza kumgusa kila mtu mwaka 2006, na mzizi wake ni tarehe 22 Desemba 2001, Richard Reid alipopanda ndege ya American Airlines kutoka Paris kwenda Miami akiwa ameficha vilipuzi kwenye viatu. Alihangaika na kiberiti, abiria na wahudumu wakamvamia, wakamfunga. Mtu mmoja alishindwa kulipua ndege moja, na kwa karibu miaka 20 mamilioni ya watu wasiomjua wakawa wanapita na soksi sakafuni.

Nataka tulizungumze kwa kina, maana watu wa Tanga tunapanda ndege kuliko wengi wanavyodhani. Wapo wagonjwa wanaowahishwa Dar. Wapo wafanyabiashara wa Pemba na Unguja ambao kwao ile ndege ndogo ni kama daladala. Wapo wenye ndugu Muscat, na kila mwaka wapo wanaokwenda Umra na Hija, wengi wao wazee wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani.

Sipingi ukaguzi. Anayepinga ukaguzi hajasoma historia. Ninachosema ni kwamba karibu kila kanuni tunayokutana nayo pale mlangoni ilizaliwa siku ya msiba au siku ya kunusurika, na siku kama hiyo watu huandika kanuni wakiwa na hofu. Hofu ile ina haki yake. Tatizo ni kwamba kanuni ikishaandikwa hakuna anayepangiwa kuirudia na kuuliza kama bado inafanya kazi. Ya viatu imechukua karibu miaka 20 kuondoka. Ya vimiminika vya mililita 100 ilikuja Agosti 2006 baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Leo viwanja vya Edinburgh na Birmingham vina mashine mpya na vinaruhusu chupa ya hadi lita 2, lakini sehemu kubwa ya dunia bado inamnyang'anya mtu mafuta yake ya nywele.

Jambo la pili ni heshima. Mama yangu ana chuma kwenye nyonga tangu afanyiwe upasuaji. Kwenye kiwanja kimoja kikubwa cha nje, wakati wa kubadilisha ndege, mlango ukapiga kelele. Akaambiwa kwa ishara avue mtandio pale pale, mbele ya foleni ya wanaume. Hakuelewa lugha. Mie nilikuwa nyuma yake, nimezuiwa kusogea. Alivua. Hakulia, wala hakulalamika, lakini mpaka tunafika hakusema neno, na tangu hapo ukimtajia safari anasema hana haja tena ya kumwona mjukuu wake, atamwona kwenye simu.

Sasa niulize: usalama gani uliongezeka pale, ambao usingepatikana kwa mkaguzi wa kike na chumba chenye pazia?

Karibuni. Naomba tuchangie kwa hoja.

#2 Chuma_cha_Pongwe

Pole kwa mama, dada. Hilo halikupaswa kutokea.

Ila naomba niseme upande wa pili kwa uzito wake, kwa sababu vijana wengi humu hawajui kwamba hata sisi tumetekwa. Februari 26, 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikiwa safari ya ndani kabisa, Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, ikaishia Stansted kule Uingereza. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Walijisalimisha siku mbili baadaye. Fikirieni abiria aliyeaga nyumbani Mwanza akijua saa moja na nusu atakuwa Dar, akajikuta Ulaya kwenye baridi ya Februari na mtu ana silaha mbele yake.

Halafu Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Ndani walikuwamo watu 175, wakafa 125.

Na ile ndege ya Pan Am iliyolipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, Desemba 21, 1988, bomu lilikuwa ndani ya redio ya kaseti, redio ndani ya sanduku, na sanduku halikuwa na mwenyewe ndani ya ndege. Watu 270 walikufa, wakiwemo 11 waliokuwa majumbani mwao chini. Ndiyo maana leo abiria akichelewa kupanda mnakaa kwenye viti mnasubiri sanduku lake lishushwe. Watu huwa wananung'unika. Mie sinung'uniki hata kidogo.

Uhuru wa kusafiri unamfaa aliye hai. Nikipoteza nusu saa kwenye foleni nikafika salama, sijapoteza kitu.

#3 Mwenge_wa_Chuda

Nafuatilia kwa karibu. Mada nzito hii.

#4 Kange_Stendi

Mkuu Pongwe, nakuheshimu, lakini swali langu ni rahisi. Nikipanda basi la abiria sitini pale Kange kwenda Dar, hakuna anayenipekua. Naingia na gunia, naingia na panga la shamba limefungwa gazeti, nakaa. Nikipanda kindege cha watu kumi na wawili kwenda Pemba, safari ya dakika ishirini na kitu, nafunguliwa begi mpaka chupi zinaonekana na watu wote. Kwa nini?

#5 Chuma_cha_Pongwe

Kwa sababu basi likitekwa linasimamishwa. Tairi likipigwa risasi limekwisha. Ndege haisimami angani, na Septemba 11, 2001 ilionyesha kwamba ndege yenyewe inaweza kufanywa silaha.

#6 Mama_Karafuu

Mie natokea Ngamiani, biashara yangu ni Tanga, Pemba na Unguja. Naenda kwa ndege nikiwa na haraka, naenda kwa chombo nikiwa na mzigo. Naomba niseme kitu ambacho hakijasemwa.

Ukimsumbua mtu kwenye ndege hakai nyumbani. Anatafuta njia nyingine. Na njia nyingine kwetu sisi ni barabara ya Segera na Chalinze, au bahari. Sisi watu wa mwambao tulizika baada ya kuzama meli ya MV Spice Islander, Septemba 2011. Tukazika tena baada ya MV Skagit, Julai 2012. Spice Islander ilipakia watu kupita kiasi. Hakuna aliyesimama pale gatini akahesabu vichwa na kusema basi, imejaa. Ukaguzi uliohitajika siku ile ulikuwa wa kuhesabu tu, na haukufanyika.

Kwa hiyo mkiniuliza mie, sitaki ukaguzi upungue wala uongezeke. Nataka ukae panapotakiwa. Kwenye ndege napekuliwa kisu cha kumenyea machungwa, na kwenye majahazi yanayovuka usiku hakuna anayejua nani yumo.

#7 Binti_Raskazone

Mama Karafuu, shikamoo. Umegusa jambo kubwa. Hata kule Marekani, watafiti walikuta kwamba baada ya Septemba 11 watu wengi waliacha ndege wakaingia barabarani, na vifo vya ajali vikaongezeka. Wale waliokufa barabarani hakuna aliyewahesabu kama wahanga wa ugaidi. Usumbufu una gharama, na mara nyingine gharama yake ni roho ya mtu.

#8 Mstaafu_wa_Skrini

Nimesoma yote kabla ya kuandika. Nimefanya kazi ya ukaguzi mpaka nikastaafu, sasa napumzika hapa Nguvumali. Sitataja kiwanja. Nataka niwaeleze mnachokaguliwa, kwa sababu abiria wengi hukasirika kwa kutojua, na wakaguzi wengi hawajafundishwa kueleza.

Yule anayekaa mbele ya skrini haoni halua wala samli. Anaona rangi na uzito. Mashine ya eksirei hutuma mionzi ya nguvu mbili tofauti na kukadiria kitu kimetengenezwa na nini. Chakula, sabuni, nguo, karatasi, plastiki, vyote hivi hutokea rangi ya machungwa. Chuma hutokea bluu. Vilivyo katikati hutokea kijani. Kitu ambacho mionzi imeshindwa kukipenya huwa cheusi. Sasa vilipuzi vingi navyo hutokea rangi ile ile ya machungwa, vikiwa na uzito ulioshindiliwa.

Chukua begi la abiria wetu wa kawaida. Kopo la halua kilo mbili, limeshindiliwa. Juu yake chaja, nyaya za simu zimejikunja, pawa benki, na saa ya mkononi. Kwenye skrini unaona bonge la machungwa lililokolea, juu yake nyaya na betri. Wallahi, ukimwonyesha mwanafunzi wa darasa la wakaguzi picha ile bila kumwambia, atabonyeza kengele. Asali ni hivyo hivyo. Ndiyo maana begi linarudishwa nyuma, linapitishwa tena kwa upande, halafu linafunguliwa. Hatukuoni wewe gaidi. Tunaona picha ambayo hatuwezi kuiapia.

Dawa yake ni ndogo: halua iweke peke yake kwenye trei. Nyaya ziweke pembeni. Utapita bila kuguswa.

Na kuna jambo abiria hawalijui. Kwenye mashine nyingi kompyuta humtupia mkaguzi picha ya uongo ya bastola au bomu katikati ya mabegi ya kweli, kupima kama yuko macho. Asipobonyeza, inaandikwa. Macho yanachoka upesi kuliko miguu. Ulaya kanuni yao ni kwamba mtu asikodolee skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo. Sehemu nyingine niliona mtu anakaa mpaka anasinzia huku macho yamefunguka, kwa sababu mwenzake hajaja zamu. Mkitaka usalama, ulizieni wakaguzi wangapi wako kwenye zamu na wanapumzika lini. Hilo linaokoa watu kuliko kuvua viatu.

#9 Kange_Stendi

Mzee shikamoo. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini begi langu hurudishwa. Kumbe ni zile nyaya.

#10 Shamba_Lushoto

Mzee naomba unisaidie na hili. Mimi nalima kabichi na karoti. Nilisafiri kwenda semina nje ya nchi, wakanipangusa viganja kwa kitambaa kidogo, wakakiingiza kwenye mashine, taa nyekundu ikawaka. Nikapelekwa chumbani, nikaulizwa maswali mpaka ndege ikakaribia kuniacha. Hawakuniambia sababu. Nilitetemeka, nikadhani kuna mtu kaniwekea kitu.

#11 Mstaafu_wa_Skrini

Mwanangu, unatumia mbolea ya CAN?

#12 Shamba_Lushoto

Ndiyo mzee. Nilikuzia mimea siku mbili kabla ya safari.

#13 Mstaafu_wa_Skrini

Basi ndiyo hiyo. CAN ina nitrati ya amonia, na nitrati ya amonia ni mojawapo ya vitu ambavyo mashine ile imefundishwa kuvinusa, kwa sababu imetumika kutengenezea mabomu ya kienyeji sehemu nyingi duniani. Chembe usizoziona zinatosha. Hata losheni zenye glisarini huweza kuisumbua. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyekuweka chumbani bila kukuuliza swali moja: unafanya kazi gani?

Kabla ya safari nawa mikono vizuri kwa sabuni, vaa viatu ambavyo hujaingia navyo shambani, na begi lisiwe lile la kubebea pembejeo. Ukishtukiwa, sema mara moja kwamba wewe ni mkulima na unatumia mbolea. Watakukagua mara ya pili kisha utapita.

#14 Shamba_Lushoto

Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu sana. Ahsante mzee. Naenda kumwambia mke wangu.

#15 Niqabu_Duga

Naomba niongee kwa niaba ya wanaovaa kama mimi.

Sijawahi kukataa kuonyesha uso. Dini yangu hainizuii kutambulishwa panapokuwa na haja. Ninachoomba ni mwanamke mwenzangu na sehemu ya faragha. Hiki si kitu cha ajabu, wala si upendeleo wa Waislamu. Mwenye mfuko wa haja tumboni baada ya upasuaji anakihitaji, mama aliyetoka kujifungua anakihitaji, aliyekatwa titi kwa saratani akavaa la bandia anakihitaji. Wote hawa wanapapaswa hadharani na wanakaa kimya.

Kuna kiwanja (sitakitaja, ni cha ndani ya nchi) nilifika alfajiri, hakukuwa na mkaguzi wa kike zamu ile. Nikaambiwa nisubiri aje. Ndege ikaondoka. Hakuna aliyenitukana, walikuwa wapole kabisa. Lakini tiketi ilikwenda, na miadi yangu ya hospitali ilikwenda. Upole bila maandalizi haukunisaidia kitu.

#16 Chuma_cha_Pongwe

Dada Niqabu, hapa sina la kubisha. Zamu isiyo na mkaguzi wa kike haijakamilika, kwa sababu hata kiusalama ni pengo. Mwanamke ambaye hakuna wa kumkagua ama ataachwa apite bila kukaguliwa ama ataachwa na ndege. Yote mawili ni makosa.

#17 Wakili_Mtarajiwa

Nichangie upande wa sheria kidogo.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea haki hizo mipaka kwa ajili ya ulinzi na usalama wa jamii. Kwa hiyo kukaguliwa ni halali. Lakini mpaka unawekwa na sheria, hauwekwi na hasira ya afisa siku hiyo. Kimataifa kuna Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, kilichopitishwa Machi 1974 baada ya wimbi la utekaji wa ndege, na nchi zote wanachama zinatakiwa kukifuata. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ukidhalilishwa una pa kwenda. Andika tarehe, saa, namba ya safari na lango.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko viatu ni sura zetu. Viwanja vingi duniani vinahamia kwenye kamera zinazotambua uso. Foleni inaisha, hilo kweli. Lakini chupa ya mafuta ikichukuliwa utanunua nyingine. Ramani ya uso wako ikivuja hutapata uso mwingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Mfumo wa namna hiyo ukifika kwetu, swali la kwanza liwe: picha inakaa muda gani, nani anaiona, na asiyetaka ana njia gani nyingine ya kupita?

#18 Mwenge_wa_Chuda

Ila mkuu, zile mashine za kuonyesha mwili mzima nazo si ndiyo hivyo hivyo? Watu walisema zinamwonyesha mtu uchi.

#19 Wakili_Mtarajiwa

Mwanzoni, ndiyo. Zilienea baada ya Krismasi ya 2009, kijana Umar Farouk Abdulmutallab alipojaribu kulipua ndege ya Northwest kutoka Amsterdam kwenda Detroit kwa kilipuzi kilichoshonwa kwenye nguo ya ndani. Baadhi ya mashine zilichora umbo la mtu kwa undani wa kutisha. Watu wakapiga kelele, Bunge la Marekani likaweka sharti, na kufikia 2013 zile za eksirei zilizoshindwa kuficha maumbile ziliondolewa viwanjani. Zilizobaki huonyesha kikaragosi kimoja kwa kila mtu, na alama mahali penye kitu. Mfano huu naupenda, kwa sababu usalama haukupungua hata chembe na faragha ilirudi. Iliwezekana kwa kuwa watu walidai.

#20 Binti_Raskazone

Nimesoma kila mchango. Kaka Pongwe, naomba nirudi kwako kwenye mifano uliyoitoa.

Ile ndege ya Ethiopian ya 1996: watekaji walidai wana bomu, kumbe ilikuwa chupa ya pombe. Silaha waliyoitumia kutisha ilikuwa shoka la dharura walilolitoa ndani ya ndege yenyewe. Nami niongeze ndege ya shirika la Daallo, Februari 2016, iliyoruka kutoka Mogadishu: bomu lilikuwa kwenye kompyuta ndogo, na kamera zilionyesha mtu huyo akikabidhiwa kompyuta hiyo na watu wawili ndani ya uwanja, mmoja wao mfanyakazi, baada ya kuvuka ukaguzi. Jirani zetu Mombasa, Novemba 2002, makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya abiria iliyotoka kuruka. Yalikosa. Aliyeyarusha hakupita kwenye foleni yoyote.

Sisemi kwamba mlango wa ukaguzi hauna kazi. Nasema abiria ndiye rahisi kubanwa, kwa hiyo uzito wote unamwangukia yeye, wakati tundu liko kwa mfanyakazi mwenye kitambulisho, kwenye uzio, na kwenye mlango wa rubani. Na mwaka 2015 ikavuja kwamba wapimaji wa siri wa serikali ya Marekani walifanikiwa kupitisha silaha na mabomu bandia mara 67 kati ya 70. Nchi yenye fedha zote zile, na foleni zote zile, na viatu vyote vile vilivyovuliwa.

#21 Chuma_cha_Pongwe

Dada, mifano yako ni ya kweli, lakini soma upande wake wa pili. Mlango wa rubani uliimarishwa baada ya 2001, na ndiyo mlango huo huo uliomfungia nahodha nje kwenye ndege ya Germanwings, Machi 24, 2015, msaidizi wake akaiangusha, wakafa watu 150. Hakuna dawa isiyo na madhara. Zile 67 kati ya 70 hazinifanyi niseme ukaguzi uachwe. Zinanifanya niseme ufanywe vizuri. Na mtu mwenye nia mbaya hajui kama yeye atakuwa kwenye zile tatu. Hofu hiyo peke yake inawarudisha wengi nyumbani.

Lakini nakubali la mfanyakazi. Fagio la kukagua lipite kwa wote, na afisa akutane na lango lile lile ninalokutana nalo mimi.

#22 Mama_Karafuu

Mie swali langu la biashara. Nilinunua uturi na udi wa maji kwenye maduka ya uwanja wa ndege nikitokea Muscat. Nimelipa, risiti ninayo. Kiwanja cha katikati wakanichukulia. Kwa nini, na nimenunua ndani ya uwanja?

#23 Mstaafu_wa_Skrini

Kwa sababu kiwanja cha pili hakiamini ukaguzi wa cha kwanza mpaka nchi mbili zikubaliane kwamba viwango vyao vinalingana. Ndiyo sababu pia abiria wanaotoka kwenye viwanja vyetu vidogo hukaguliwa upya wakifika kikubwa. Muuzaji alipaswa kukuwekea uturi kwenye ule mfuko maalumu unaofungwa kwa gundi, ambao ukifunguliwa unaonyesha umefunguliwa, risiti ikiwa ndani inasomeka. Usiufungue mpaka ufike nyumbani. Asipokuwa na mfuko huo, usinunue, au weka kwenye sanduku kubwa.

Na mifuko ile midogo ya kufunga ya kuwekea vimiminika msiogope kuibeba. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, serikali ilisema wazi kwamba ile ya kuwekea vifaa vya kuogea kwa safari ya ndege inaruhusiwa, ilimradi mgeni asiitupe nchini.

Pawa benki kinyume chake: iwe mkononi, isiingie kwenye sanduku kubwa kabisa. Betri ya lithiamu ikiwaka moto kwenye shehena hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, ambayo kwa pawa benki nyingi ni kama 27,000 za namba ile inayoandikwa pembeni kwa mAh. Iliyofutika maandishi huweza kuchukuliwa, kwa hiyo msinunue zile zisizo na maandishi.

#24 Niqabu_Duga

Mzee, haya unayoyaandika kwa nini hayaandikwi kwenye tiketi kwa Kiswahili? Mama zetu wanapewa karatasi ya Kiingereza yenye herufi za mchwa, halafu wakifika langoni wanapigiwa kelele.

#25 Binti_Raskazone

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nusu ya usumbufu tulioueleza humu ungeisha siku ya kukata tiketi, kama mkata tiketi angeuliza: una chuma mwilini? Una dawa ya maji? Unavaa niqabu, ungependa mkaguzi wa kike? Maswali matatu, majibu yakafuata na jina la abiria mpaka langoni.

Na kanuni ziangaliwe upya kwa tarehe inayojulikana. Kanuni ya dharura ipewe miaka miwili, ikiisha aliyeiweka aje aeleze kwa nini iendelee. Akieleza vizuri, tutavua hata kofia. Wamarekani waliwaacha wazee wa miaka 75 na watoto wadogo wabaki na viatu zaidi ya miaka kumi kabla ya kuwaruhusu wengine, na hakuna ndege iliyolipuliwa kwa kiatu cha bibi. Kuanzia na wazee kwetu kungekuwa adabu tu.

Mzee Mstaafu, shikamoo tena. Nina ombi la binafsi. Mama bado ana kile chuma. Nikimshawishi asafiri, nimwandae vipi?

#26 Mstaafu_wa_Skrini

Marahaba mwanangu.

Chukua barua ya daktari, ya Kiswahili na ya Kiingereza, inayotaja chuma kiko wapi. Barua haimwondolei ukaguzi, ila inamwambia mkaguzi aanzie wapi. Aitoe kabla hajapita mlangoni, asisubiri kelele. Omba kiti cha magurudumu tangu wakati wa kukata tiketi hata kama anatembea, maana anayesukumwa huwa na msindikizaji wa uwanja, na msindikizaji huyo anajua lugha na anajua chumba kiko wapi. Mfundishe maneno mawili ya Kiingereza ya kuomba chumba cha faragha, ayashike kama anavyoshika namba ya simu yako. Mtandio wake aufunge juu ya kofia ndogo ya kitambaa, ili hata akiambiwa aufungue nywele zisionekane. Pini za chuma kichwani asiweke.

Na wewe upite mbele yake, usipite nyuma. Ukishavuka utamsubiri upande wa pili, atakuona.

#27 Mama_Karafuu

Binti, yaandike haya kwenye ukurasa mmoja, herufi kubwa, nitatoa kopi na kuyabandika dukani kwangu Ngamiani. Mahujaji wengi hupita pale kununua kanzu na vikoi. Na mzee aongeze la maji ya Zamzam, kila mwaka ni ugomvi.

#28 Mstaafu_wa_Skrini

La Zamzam: lita 5, ndani ya boksi lake la uwanjani, linakabidhiwa kaunta kama mzigo. Wasiyagawe kwenye chupa ndogo ndogo na kuyaficha katikati ya nguo sandukuni, yatatolewa. Ukurasa ukiwa tayari niletee niupitie kabla haujachapwa.